Je, Wajua? Cairo, Mji Unaohama Bila Kuondoka

Watawala wa Misri walikuwa na mazoea ya gharama kubwa. Kila ukoo mpya uliposhika madaraka ulijenga mji wake kando ya mji wa waliotangulia, na mara nyingi kwa mawe ya hao hao waliotangulia. Amr ibn al-As, jemadari wa Waarabu, alipoiteka ngome ya Warumi iliyoitwa Babiloni, alianzisha Fustat mwaka 641. Waabbasi wakaja na mji wao, al-Askar, kaskazini kidogo ya hapo. Ahmad ibn Tulun akajenga al-Qatai. Mwaka 969 wakaingia Wafatimi na kujenga al-Qahira, ndiyo Cairo yenyewe. Ukiitazama miji hiyo kwenye ramani utaona inafuatana kuelekea kaskazini-mashariki. Sababu moja ni upepo: Misri upepo hutoka kaskazini, na hakuna mkubwa aliyetaka kukaa upande unaopokea moshi na harufu za majiko ya raia.

Ndiyo maana kuisoma Cairo ni kusoma miji minne au mitano iliyoshikana mabega. Leo wakazi wa jiji na vitongoji vyake wamepita milioni 20, na wengi wao hupita kila siku juu ya mambo haya bila kugeuza shingo.

JE, WAJUA kwamba kisa cha kuzaliwa kwa Cairo ni kikongwe kuliko Cairo?

Husimuliwa kwamba Jawhar, jemadari wa Wafatimi, aliwaita wanajimu wamchagulie saa njema ya kuanza ujenzi. Vikasimamishwa vigingi kuzunguka kiwanja chote, vikaunganishwa kwa kamba zenye kengele. Wanajimu wangetikisa kamba saa ikifika, na vibarua wangechimba kwa pamoja. Akatua kunguru juu ya kamba. Kengele zikalia, majembe yakashuka, na angani wakati huo ilikuwa inachomoza Mirihi, nyota ya vita. Mji ukapewa jina la nyota hiyo, al-Qahir, Mshindi.

Kisa kitamu. Aliyekieneza zaidi ni al-Maqrizi, mwanahistoria wa karne ya 15. Tatizo ni kwamba al-Masudi, msafiri na mwandishi aliyefariki Fustat mwaka 956, alikwisha kuandika kisa hicho hicho cha kamba na kengele, ila yeye alikieleza kuwa ni habari ya kujengwa kwa Alexandria. Alikufa miaka 13 kabla ya jembe la kwanza la Cairo. Hata hadithi, basi, ilichukuliwa kutoka mji wa jirani.

JE, WAJUA kwamba mlenda uliwahi kupigwa marufuku Cairo?

Wamisri huuita mulukhiyya, na hakuna nyumba isiyoupika. Ni majani yale yale yanayoteleza ambayo Mtanzania huyasindikiza na ugali, na ambayo magharibi ya Kenya huitwa mrenda. Aliyeyapiga marufuku ni Khalifa al-Hakim, Mfatimi aliyetawala kuanzia 996 hadi 1021. Inasemekana kosa la mboga hiyo lilikuwa kupendwa na Muawiya, hasimu mkubwa wa Ali, na Wafatimi walijinasibu kuwa kizazi cha Ali na Fatima.

Mlenda haukuwa peke yake. Al-Hakim alipiga marufuku samaki wasio na magamba na mchezo wa sataranji, na aliamuru mbwa wauawe. Alipotaka wanawake wasitoke nje aliwakataza washona viatu kuwatengenezea viatu. Nadhani hiyo ndiyo amri iliyofikiriwa vizuri kuliko zote, na ndiyo mbaya kuliko zote.

Usiku mmoja wa Februari 1021 alipanda punda wake kuelekea vilima vya Muqattam, kama alivyozoea, na hakurudi. Walimpata punda na nguo zenye damu. Wadruzi wa Lebanon na Syria wanaamini mpaka leo kwamba hakufa, ila ameghibu.

Msikiti wake ulipata misukosuko zaidi ya mwenyewe. Kwa nyakati mbalimbali ulikuwa gereza, zizi la farasi na ghala la jeshi la Napoleon. Aliyeuinua tena, mwaka 1980, ni jumuiya ya Mabohora wa Daudi, Waislamu wenye asili ya Bara Hindi ambao Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wanawafahamu vizuri kwa maduka yao ya vyuma na vifaa vya ujenzi. Kwao al-Hakim ni imamu, na kwa hiyo walikuja kutengeneza nyumba ya mzee wao.

Jahazi juu ya kuba

Tukiwa bado kwenye mambo yanayotugusa: Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Imamu Shafi. Yeye mwenyewe alifariki Fustat mwaka 820, na kaburi lake liko katika makaburi ya kusini mwa Cairo. Kuba lake la mbao, lililofunikwa kwa risasi, lilijengwa mwaka 1211. Juu ya ncha, mahali ambapo mtu angetarajia kuona mwezi mchanga, kuna chombo kidogo cha shaba chenye umbo la jahazi. Wengine husema ni alama ya bahari ya elimu ya Imamu. Wengine husema kilikuwa cha kuwekea nafaka za ndege. Mimi naona maelezo yote mawili yangempendeza.

Al-Azhar, ambako vijana wetu wengi wameenda kusoma, ilijengwa na Wafatimi kama msikiti wa Kishia kuanzia mwaka 970. Salahuddin alipouangusha utawala wao mwaka 1171, sala ya Ijumaa iliondolewa hapo kwa karibu miaka mia, hadi Sultani Baybars aliporuhusu irudi mwaka 1266. Jengo ni lile lile, madhehebu yakageuka.

JE, WAJUA kwamba Wamisri walipimiwa kodi kwa kisima?

Kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Roda kuna shimo lililojengwa kwa mawe, lenye ngazi zinazozunguka hadi chini, na katikati nguzo moja ya marumaru yenye pande nane. Lilijengwa mwaka 861 kwa amri ya Khalifa al-Mutawakkil. Mifereji 3, kila mmoja kwa kina chake, iliingiza maji ya Mto Nile ndani, yakapanda taratibu bila mawimbi, na mtu akasoma alama kwenye nguzo. Kipimo kilikuwa dhiraa, yaani urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole.

Mafuriko ya kiangazi yakifika dhiraa 16, mashamba yote yatapata maji na tope, na serikali itadai kodi kamili. Yakipungukiwa sana, njaa iko njiani. Yakizidi mno, vijiji vitabebwa. Habari hizo zilipigiwa mbiu mjini siku hadi siku, na bei ya nafaka ilipanda au kushuka kabla hata mbegu haijatiwa ardhini. Mwaka 1200 maji hayakutimia dhiraa 13. Daktari Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyekuwako, aliandika habari za njaa iliyofuata ambazo mtu hawezi kuzisoma akiwa mezani: watu walikula watu.

Sisi wa maziwa makuu hupenda kujisifu kwamba Misri inaishi kwa maji ya Ziwa Victoria. Ni kweli kwa kiasi. Maji yetu hufika mwaka mzima, polepole, na mengi hupotea kwenye vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini. Furiko lililopanda kwenye nguzo ya Roda kila kiangazi lilitoka Ethiopia, kwa Nile ya Buluu na mito wenzake, pamoja na tope jeusi lililoistawisha Misri.

Vipimo vya Roda vilihifadhiwa kwa karne nyingi, na vikaja kumfaa Mwingereza Harold Hurst, mhandisi wa maji aliyetumikia Misri zaidi ya nusu karne. Akizichambua tarakimu hizo aligundua kwamba miaka ya ukame huandamana, na ya neema vilevile huandamana, tofauti na mtu anayerusha sarafu. Hesabu aliyoitunga kutokana na hayo leo hutumiwa hata na wachambuzi wa masoko ya hisa. Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970 mafuriko yalikwisha, na nguzo haina tena cha kupima.

Mawe hayazeeki, hubadilisha kazi

Mwaka 1303 tetemeko kubwa la ardhi liliitikisa Misri na kulegeza mawe meupe yaliyokuwa yamefunika Piramidi Kuu. Wajenzi wa Cairo waliyaona yakiwa yamekwisha kuchongwa vizuri, na mengi yakaishia kwenye misikiti na ngome za mji. Hata kabla ya hapo, Salahuddin alipoanza kujenga ngome yake mlimani mwaka 1176, msimamizi wake Qaraqush alibomoa piramidi ndogo za Giza kupata mawe. Kwenye kuta za kaskazini za mji wa Wafatimi ukitazama kwa makini utaona jiwe hapa na pale lenye michoro ya Mafarao, limewekwa tu kama jiwe lolote.

Ibn Tulun, inasimuliwa, alikataa njia hiyo. Alipoambiwa kwamba msikiti wake ungehitaji mamia ya nguzo, na kwamba zingepatikana kwa kubomoa makanisa, akasita. Mjenzi Mkristo aliyekuwa gerezani akapeleka habari kwamba anaweza kuujenga kwa matofali, bila kuhitaji nguzo hizo. Ulikamilika mwaka 879. Mwaka 905 Waabbasi waliporudi waliiangamiza al-Qatai yote, wakauacha msikiti huo tu. Ni mkubwa, mtulivu, na kwa macho yangu ndilo jengo zuri kuliko yote ya Cairo.

Na pua ya Sfinksi? Napoleon hana hatia. Mdenmark Frederic Norden aliichora sanamu hiyo ikiwa haina pua mwaka 1737, miaka 61 kabla Wafaransa hawajatua Misri. Al-Maqrizi alimtaja Msufi mwenye msimamo mkali wa dini aliyeikatakata katika karne ya 14.

Mgeni aliyeharibu soko

Julai 1324 Mansa Musa, mfalme wa Mali, alipita Cairo akienda Makka. Kwanza kulikuwa na ubishi wa itifaki: alitakiwa kubusu ardhi mbele ya Sultani al-Nasir Muhammad, akakataa, hatimaye akasujudu akisema anamsujudia Mungu aliyemuumba. Kisha akaanza kugawa dhahabu. Wafanyabiashara wa mji, ambao hawakuwa watu wa kulala, waliwauzia watu wake shati la dinari 1 kwa dinari 5.

Mwandishi al-Umari, aliyefika Cairo miaka 12 baadaye, alikuta watu bado wanalizungumza jambo hilo. Kabla ya ugeni huo mithkali ya dhahabu haikushuka chini ya dirhamu 25. Tangu hapo haikuzidi 22. Mansa Musa mwenyewe alirudi kutoka hija mfuko mtupu, akakopa kwa wafanyabiashara wale wale, kwa riba nono.

Tundu la karatasi

Wayahudi wa Fustat hawakuruhusiwa kuichoma au kuitupa karatasi inayoweza kuwa na jina la Mungu. Waliisukumia kwenye tundu la chumba kimoja katika sinagogi ya Ben Ezra, na kwa karibu miaka elfu walitia humo kila kitu: mikataba ya ndoa, orodha za manunuzi, madaftari ya watoto wanaojifunza alifu. Mwaka 1897 mwanazuoni Solomon Schechter alihamisha shehena kubwa kwenda Cambridge, ambako leo kuna vipande kama 193,000.

Kimoja ni barua ya David, ndugu wa Musa bin Maimun, tabibu na mwanafalsafa wa zama za Salahuddin. Ameiandika bandarini Aydhab, kwenye Bahari ya Shamu, akimtuliza kaka yake kwamba amevuka jangwa salama na sasa anapanda chombo kwenda India kutafuta biashara. Chombo kilizama katika Bahari ya Hindi. Musa aliugua kwa majonzi karibu mwaka mzima.

JE, WAJUA kwamba jumba la opera la Cairo sasa ni maegesho?

Khedivi Ismail aliiona Paris mwaka 1867 akataka kuwa nayo. Akajenga mitaa mipana magharibi ya mji mkongwe na, kwa ajili ya sherehe za Mfereji wa Suez mwaka 1869, jumba la opera, kwa sehemu kubwa la mbao. Giuseppe Verdi akaagizwa kutunga opera ya Kimisri. Aida ilipokuwa tayari, mavazi na mandhari yake yalikwama Paris, kwa sababu jeshi la Prussia lilikuwa limeuzingira mji huo. Onyesho likangoja hadi Desemba 24, 1871, na Verdi hakuhudhuria.

Madeni ya Ismail yaliigharimu Misri uhuru wake. Waingereza waliingia mwaka 1882. Jumba liliungua lote alfajiri ya Oktoba 28, 1971. Palijengwa maegesho ya magari ya ghorofa, na uwanja ulio mbele yake bado unaitwa Uwanja wa Opera.

Babu yake Ismail, Muhammad Ali, naye alifanya biashara na Paris. Aliwapa Wafaransa mnara wa jiwe wa hekalu la Luxor, wenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, uliosimamishwa Place de la Concorde mwaka 1836. Wao wakamletea saa, ikawekwa kwenye ua wa msikiti wake ngomeni. Kwa miaka mingi mno saa hiyo ilikuwa maarufu kwa kutofanya kazi. Mnara wa jiwe haujapata hitilafu.

Cairo iliyozungumza Kiswahili

Unguja husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Muhammad bin Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi, na kwamba aliporudi ndipo taarabu ya kasri ilipopata miguu. Mwaka 1954 njia ikageuka: Redio Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari, na sauti iliyowasifu wapiganaji wa Mau Mau kutoka ng'ambo iliwakera sana Waingereza, maana redio haikuwa kitu cha kukamatwa mpakani.

Na Julai 1964, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Cairo, walipitisha azimio kwamba kila nchi itaheshimu mipaka iliyorithi siku ya uhuru. Julius Nyerere ndiye aliyelipigania. Morocco na Somalia hazikulikubali, na Wakenya wa kaskazini-mashariki wanajua gharama ya ubishi huo.

Mifupa na bustani

Soko la Khan el-Khalili, ambako kila mtalii hununua piramidi ya plastiki, limekaa juu ya makaburi ya makhalifa wa Kifatimi. Amiri Jaharkas al-Khalili alipotaka kiwanja mwishoni mwa karne ya 14 aliifukua mifupa yao akaitupa kwenye vilima vya taka nje ya ukuta wa mashariki.

Vilima hivyo viliendelea kupokea taka za mji kwa karne 5. Mwaka 1984 Aga Khan IV, wakati huo imamu wa Maismailia ambao huuhesabu ukoo wake kutoka kwa Wafatimi hao hao, alitangaza kwamba atauzawadia mji bustani, na mahali palipopatikana ni upande huo huo, juu ya jalala. Wachimbaji walipoondoa taka walikuta ukuta wa zama za Salahuddin umezikwa mzima, kama kilomita moja na nusu. Bustani ya al-Azhar ilifunguliwa mwaka 2005. Ina hekta 30, na jioni za Ijumaa hupati pa kukanyaga.

Mji wa karibuni zaidi

Mazoea hayajaachwa. Machi 2015 serikali ilitangaza kwamba itajenga makao makuu mapya jangwani, kilomita kama 45 mashariki ya Cairo. Tayari kuna mnara wa karibu mita 394, mrefu kuliko jengo lolote Afrika, na Aprili 2024 Rais Abdel Fattah el-Sisi aliapishwa huko kwa muhula wa tatu. Katiba bado inasema mji mkuu ni Cairo.

Wizara zikahama, majengo yakabaki. Mojawapo ni Mugamma, lile zege la ghorofa 14 katika Uwanja wa Tahrir, ambamo Mmisri alilazimika kwenda kwa karibu kila karatasi ya maisha yake. Mwaka 1992 lilitengenezewa filamu ya vichekesho: Adel Imam ni baba anayetaka tu uhamisho wa shule wa wanawe, anazungushwa ofisi hadi ofisi, mwishowe bunduki inamwangukia mikononi na jengo zima linakuwa mateka wake. Wakubwa wanauliza madai yake ni nini. Hana, anawauliza mateka, nao wanaagiza kababu. Jengo hilo sasa limekabidhiwa wawekezaji walifanye hoteli ya kifahari.